Mlango na Ngazi: Kutoka Stashahada hadi Shahada ya Ustawi wa Jamii

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha wanachuo wa mwaka wa kwanza namna ya kuzungumza na mtoto aliyetendewa ukatili. Nilieleza kwa urefu kwa nini mhudumu huketi chini ili awe kimo kimoja na mtoto, na kwa nini haulizi swali ambalo ndani yake mna jibu. Mwanachuo mmoja, mama wa makamo aliyeketi safu ya nyuma, hakuwa akiandika kitu. Kipindi kilipokwisha nilimwuliza sababu. Alifungua mkoba wake akanionyesha daftari la zamani: somo lile lile, mada zile zile, na alama nzuri aliyoipata chuoni aliposomea stashahada. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kazi hii nimeifanya wilayani miaka minane." Sikuwa na jibu la kumpa.

Chuo kikuu kilikuwa kimeipokea stashahada yake kama ufunguo wa kumwingiza ndani. Alipokwisha kuingia, stashahada hiyo iliwekwa katika jalada, naye akaanzishwa upya sawa na kijana aliyetoka kidato cha sita. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili, yaani kufunguliwa mlango na kuhesabiwa ngazi ulizokwisha kupanda, na jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuondolewa kwa vipimo badala ya huruma.

Fani iliyoanzia vyuoni

Ni vema kukumbuka kwamba fani ya ustawi wa jamii haikuzaliwa katika vyuo vikuu. Mjini New York mafunzo yake yalianza mwaka 1898 kama kozi fupi ya kiangazi. Kozi hiyo ilikua ikawa chuo, na chuo hicho kikajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1940. Mjini Amsterdam chuo cha fani hii kilifunguliwa mwaka 1899. Mjini London chuo kilichoanza mwaka 1903 kiliingizwa katika London School of Economics mwaka 1912.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi ilitoa stashahada ya juu, na baadaye ikaanza kutoa shahada. Kwa hiyo fani yenyewe ilianzia chini ikapanda. Itakuwa ajabu iwapo mtu mmoja mmoja aliye ndani ya fani hiyo atanyimwa njia iliyopitwa na fani nzima.

Wala jambo hili si la fahari ya vyeti tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii wajibu mzito: hufanya uchunguzi juu ya hali ya mtoto na familia yake, na taarifa yake huisaidia mahakama kuamua mtoto akae na nani. Mtu anayeandika taarifa ya namna hiyo anahitaji moyo wa kusikiliza, na pia anahitaji uwezo wa kupima ushahidi, kuelewa takwimu na kutambua mipaka ya ujuzi wake. Stashahada humpa sehemu ya uwezo huo, na shahada yapaswa kuukamilisha.

Kupima mzigo wa masomo

Mfumo wetu wa elimu unavyo vipimo vya kuanzia. Tuzo za elimu ya ufundi zimepangwa katika ngazi, kuanzia ya 4 hadi ya 10. Astashahada ya awali ni ngazi ya 4, stashahada ya kawaida ni ya 6, na shahada ya kwanza ni ya 8. Vyuo vinavyotoa tuzo hizo husimamiwa na baraza la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo sasa linajulikana kwa kifupi kama NACTVET. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Kipimo cha mzigo wa masomo huitwa krediti. Krediti moja ni sawa na saa 10 za jitihada ya mwanafunzi, nazo ni pamoja na kusikiliza mihadhara, kusoma peke yake, kufanya mazoezi na kutahiniwa. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu basi ina krediti 360.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mwanachuo aliyesoma stashahada kwa miaka miwili amebeba krediti 240. Je, zote zihesabiwe katika shahada? La, hasha. Krediti hupima uzito wa mzigo tu, wala haipimi kina. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza na yule wa kidato cha tano wote husoma habari za seli. Jina la mada ni moja, lakini kina cha maarifa ni mbalimbali. Hata hivyo, tuseme uchunguzi wa makini umeonyesha kwamba krediti 60 kati ya hizo 240 zinalingana, kwa mada na kwa kina, na masomo ya mwaka wa kwanza wa shahada. Krediti 60 ni saa 600, yaani nusu ya mwaka. Kumlazimisha mwanachuo huyo arudie ni kumtoza karo ya nusu mwaka kwa kitu alichokwisha kukilipia, na ni kuiweka wilaya yake nusu mwaka zaidi bila mhudumu.

Uzoefu na mafunzo

Hapa hapana budi tuwe waangalifu. Wapo wanaosema kwamba miaka minane ya kazi yatosha kuwa nusu ya shahada. Nchini Marekani, baraza linalosimamia elimu ya ustawi wa jamii, lililoundwa mwaka 1952, limevikataza vyuo kutoa krediti za masomo ya fani hiyo kwa sababu ya uzoefu wa maisha au wa kazi peke yake. Lakini baraza hilo hilo huruhusu mtu mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, kutoka chuo lilichokithibitisha, kufupishiwa masomo ya shahada ya pili ili asirudie aliyokwisha kuyasoma.

Kwa mtazamo wa haraka kanuni hizo mbili zinapingana. Kwa hakika zinatokana na wazo moja: kinachohesabiwa ni mafunzo yaliyosimamiwa na kupimwa, si muda uliopita. Mtu aweza kufanya kazi miaka minane na kurudia kosa lile lile mara elfu. Aliyefanya mafunzo ya vitendo kwa wiki chache tu chini ya msimamizi, akaandika taarifa, akasahihishwa na kuandika tena, ameacha ushahidi wa kile alichojifunza. Stashahada zetu zina mafunzo ya vitendo ya namna hii. Hayo ndiyo yanayostahili kupimwa kwanza, na mara nyingi ndiyo yanayosahaulika, kwa kuwa hayana karatasi ya mtihani.

Jinsi ya kujenga njia

Hatua ya kwanza ni wakufunzi wa vyuo na wahadhiri wa vyuo vikuu kuketi meza moja, wakaweka mitaala yao bega kwa bega na kulinganisha yale ambayo mhitimu anaweza kuyafanya. Majina ya masomo yasiwapoteze. Hatua ya pili ni kutafuta pengo. Aghalabu pengo hilo huonekana katika takwimu, mbinu za utafiti, sera za jamii na uandishi wa kitaaluma. Kozi fupi ya kuziba pengo hilo ni ya lazima, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatua ya tatu ni kuyaandika makubaliano na kuyatangaza, ili mwanachuo ayajue tangu siku anayoanza stashahada, asije akategemea hisani ya ofisa mmoja wa udahili.

Hatua ya nne ndiyo ya kisayansi zaidi, nayo husahauliwa mno. Wahitimu waliopita njia hiyo wafuatwe, na matokeo yao yalinganishwe na ya wenzao waliotoka kidato cha sita. Wanaohofu kwamba shahada itashushwa thamani wametoa dhana, na wanaodai kwamba haitashushwa nao wametoa dhana. Dhana hizi hupimika. Iwapo waliohesabiwa krediti 60 wanashindwa katika mwaka wa pili, kipimo kirekebishwe. Iwapo wanafaulu sawa na wenzao, hoja itakuwa imekwisha.

Kwa walimu wa sekondari, nawaombeni mwaelezeni kijana anayeanza na astashahada baada ya kidato cha nne kwamba hajaishia hapo. Mfundisheni aulize maswali mawili: Je, tuzo hii itanifungulia mlango wa chuo kikuu? Na nitakapoingia, nitahesabiwa nini? Nanyi wanafunzi, tunzeni mihtasari ya masomo yenu na taarifa za mafunzo ya vitendo kama mnavyotunza vyeti, kwa maana huo ndio ushahidi wenu.

Yule mama alihitimu baada ya miaka mitatu kamili, akarudi wilayani. Kwa hesabu yangu, angaliweza kurudi nusu mwaka mapema. Muda huo haukuwa wake peke yake. Ulikuwa pia wa watoto waliokuwa wakimngoja.