Kioo cha simu: kodi inajulikana, ubora haujulikani

Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kioo cha simu hakikosi mnunuzi. Mzigo hutoka Guangzhou na Shenzhen, China, kwa ndege au kontena, kisha husambaa hadi kwa mafundi wa mikoani. Wateja hawajapungua. Kilichopungua, kwa maelezo ya wauzaji, ni faida.

Mwuzaji mmoja wa jumla, aliyeomba asitajwe jina, kilio chake ni nyaraka. Mtaji wake haujazi kontena, hivyo huchangia na wenzake, na karatasi zote za forodha hubeba jina la mtu mmoja. Wakaguzi wakifika dukani wanataka hati yenye jina lake. Hana. Anasema hapo hukadiriwa kodi, akalipa ile anayoamini ilishalipwa bandarini. Akipandisha bei, fundi anavuka kwenda duka la pili. Kwa hiyo safari inayofuata anaagiza vioo vya daraja la chini.

Ofisa mmoja wa kodi anajibu kwa tarakimu moja: kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) Tanzania Bara ni asilimia 18, na mwenye kutunza risiti hana cha kuogopa. Tarakimu ni sahihi, ila haimfai mtu ambaye risiti yake imebaki kwa mwenye kontena. Malalamiko ya kodi na ukaguzi yalifunga maduka ya Kariakoo Mei 2023, na tena Juni 2024. Jibu la asilimia 18 halikuyazuia.

Hasara ya vioo hivyo vya daraja la chini humwangukia mteja. Simu iliyotoka kiwandani na OLED, ambayo kila nukta huwaka yenyewe, hufungwa LCD. LCD haizalishi mwanga: taa ya nyuma humulika muda wote, na umeme hugeuza molekuli za fuwele kioevu ili mwanga upite au uzuiwe. Ndiyo maana hata picha nyeusi hula chaji, kioo huwa kinene, na alama ya kidole iliyokuwa ikisomwa chini ya kioo hugoma. Mengi ya hayo mteja huyagundua nyumbani, na nailoni ya kinga ya kioo kipya ikishabanduliwa duka halikipokei tena.

Huenda bei ya OLED ikashuka kadiri viwanda vya China vinavyozalisha zaidi. Lakini nyaraka za kontena la kuchangia zisipopatiwa utaratibu, nafuu hiyo yaweza kuishia njiani. Kwa sasa, kabla fundi hajabandua nailoni, muulize ni OLED au LCD, na jibu lake aliandike kwenye risiti.