Pikapu Mpya, Amplifaya Ile Ile

Mpiga gitaa akisema mtaani kwamba anatafuta pikapu, ataulizwa kama anataka Toyota au Isuzu. Kwenye bendi neno hilo ni jambo jingine kabisa. Ni kile kipande chenye urefu wa kidole kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Kikiharibika, gitaa hilo halisikiki hata chumba cha pili. Ndani yake hamna maajabu. Kuna sumaku, na kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku unayumba, na kule kuyumba kunazaa umeme kidogo sana kwenye waya. Umeme huo ndio unaopita kwenye swichi, kwenye toni, kwenye kebo, hadi amplifaya inapoupokea na kuukuza.

Kwa kuwa pikapu inashikiliwa na skrubu chache na nyaya mbili tatu zilizolehemiwa kwa risasi, watu hupenda kuibadili. Wengi huchagua kwa kufuata jina la mwanamuziki mashuhuri, au kwa kuuliza dukani ipi ina nguvu zaidi. Njia zote mbili zinaanzia mahali pasipofaa. Karibu kila pikapu yenye jina duniani ilitengenezwa ili kujibu shida fulani ya gitaa fulani lililochomekwa kwenye amplifaya fulani. Asiyeijua shida hiyo hununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Leo Fender alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, kabla hajawa mtengenezaji wa magitaa, na hata kupiga gitaa hakujua. Alichokijua ni umeme, na alikuwa na masikio ya kuwasikiliza wateja wake, wapigaji wa muziki wa kantri waliotaka gitaa lipenye katikati ya fidla na ngoma. Telecaster yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Stratocaster ya 1954, zilitumia pikapu za koili moja: vijiti sita vya sumaku ya alnico, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, vikiwa vimezungukwa na waya. Sauti ilitoka kali na wazi, kila uzi ukisikika peke yake. Kwenye amplifaya ndogo za enzi hizo, zenye sauti nzito iliyofifia juu, ukali huo ulikuwa tiba.

Lakini koili moja ni antena pia. Hunasa mvumo wa transfoma, wa taa za mirija, wa kila kifaa cha umeme kilicho karibu. Marekani mvumo huo hutoka kwa hezi 60. Afrika Mashariki, ambako umeme wa gridi ni wa hezi 50, hutoka chini kidogo, na yeyote aliyewahi kushika Stratocaster karibu na friji ya baa anaujua.

Aliyeupatia dawa kwenye kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, ni mhandisi Seth Lover, mwaka 1955. Hesabu yake ni nzuri mno kwa urahisi wake. Chukua koili mbili badala ya moja. Igeuze sumaku ya koili ya pili, ncha ya kaskazini iwe ya kusini, kisha ugeuze na mwelekeo wa waya wake. Sauti ya uzi, iliyogeuzwa mara mbili, hurudi vilevile ilivyokuwa na kujumlishwa. Mvumo wa umeme haujali sumaku. Unageuzwa mara moja tu, kwa hiyo wa koili hii unaufuta wa koili ile. Hiyo ndiyo hambaka. Ilianza kuonekana kwenye magitaa ya Gibson mwaka 1957, ikiwa na kibandiko chenye maneno ya Kiingereza ya kusema kwamba hataza imeombwa, na herufi tatu za mwanzo za maneno hayo, PAF, leo wakusanyaji wa magitaa huzitamka kwa sauti ya chini kama watu walio msikitini. Hataza yenyewe ilitoka 1959.

Kuna kilicholipwa. Koili mbili zinausikiliza uzi mahali pawili kwa wakati mmoja, na baadhi ya sauti za juu kabisa hupotea njiani. Hambaka ina sauti nene na ya mviringo; koili moja ina sauti nyembamba yenye makali. Kati ya hizo mbili kuna P-90, pikapu ya Gibson ya mwaka 1946, ambayo ni koili moja lakini pana na iliyojaa waya. Inavuma, inaunguruma, inapenya, na kwa maoni ya sura hii ndiyo pikapu inayosahauliwa bila haki kuliko zote.

Jibu la tatu likaja 1972. Larry DiMarzio wa New York alitengeneza pikapu aliyoiita Super Distortion, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya kubadilisha ile iliyokuja na gitaa. Ina sumaku ya kauri, yenye nguvu kuliko alnico, na waya mwingi zaidi. Ili kuelewa kwa nini ilinunuliwa kwa kasi, lazima kuziangalia amplifaya za wakati ule. Marshall kubwa ya wati 100 haikuwa na kitasa kikuu cha kupunguza sauti ya mwisho. Aliyetaka ule mkwaruzo wa roki alilazimika kuifungua hadi madirisha yatetemeke. Pikapu yenye nguvu iliisukuma valvu ya kwanza ya amplifaya kabla ya hapo, na mkwaruzo ukaanza mapema.

Leo amplifaya nyingi zina hatua tatu au nne za kukuza sauti, na mkwaruzo unapatikana kwa kitasa kimoja, usiku wa manane, bila kumwamsha jirani. Asiyeridhika anaongeza pedali. Swali la 1972 limekwisha ondoka, lakini jibu lake bado liko sokoni na linanunuliwa. Pikapu ya nguvu nyingi, ikiingizwa kwenye amplifaya ambayo tayari ina mkwaruzo wa kutosha, hutoa uji: nyuzi za besi zinafura, kodi zinashikamana, na tofauti kati ya kugusa uzi taratibu na kuupiga kwa nguvu inapotea.

Wauzaji husaidia kuukuza mkanganyiko kwa namba moja: ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu. Stratocaster ya kawaida huwa na omu 6,000 hivi. Hambaka ya mtindo wa PAF 7,500 hadi 8,500. JB, pikapu maarufu ya kampuni ya Seymour Duncan ya California, hupita 16,000. Mnunuzi anaona namba imezidi mara mbili na kudhani nguvu nayo imezidi mara mbili. Sivyo. JB imezungushwa waya mwembamba zaidi kuliko wa PAF, na waya mwembamba una ukinzani mkubwa kwa kila mzunguko, kama bomba jembamba linavyobana maji. Namba inapanda hata pale sauti isipopanda kwa kiasi hicho. Kupima nguvu ya pikapu kwa omu peke yake ni kama kupima utamu wa chai kwa uzito wa birika.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye AC/DC. Malcolm Young, aliyeshika gitaa la midundo katika bendi hiyo kwa miongo minne, alitumia gitaa la Gretsch lililobakizwa pikapu moja tu, Filter'Tron ya kwenye daraja, hambaka ndogo yenye omu 4,000 hivi. Kwa namba hiyo ingestahili kuitwa dhaifu. Ikapitishwa kwenye Marshall, nayo ikatoa kodi nzito kama ukuta, lakini ukuta ambao kila tofali lake linaonekana. Uzito ulitoka kwenye amplifaya na kwenye mkono. Kazi ya pikapu ilikuwa kutoharibu.

Basi uchaguzi unaanzia kwenye amplifaya: je, tayari inatoa nini kwa wingi, na inakosa nini? Fender Twin Reverb ina besi pana na sauti kali za juu, huku sauti za kati zikiwa zimebonyea. Telecaster yenye pikapu nyepesi ikichomekwa humo inaweza kuchoma masikio, hasa kwa anayekaa mbele ya spika. Hapo hambaka au P-90 inafaa, au pikapu ya daraja iliyozungushwa waya mwingi kidogo, kwa sababu inarudisha zile sauti za kati. Roland JC-120, amplifaya ya transista iliyotoka 1975 na inayosifika kwa usafi wake, haisamehe: pikapu kali itabaki kali. Marshall, kinyume chake, imejaa sauti za kati. Les Paul ya Gibson yenye hambaka nzito ikiingia humo, sauti za kati zinakuwa nyingi kupita kiasi, na mwenye nayo atafurahi zaidi na hambaka ya nguvu ya wastani ya mtindo wa PAF.

Baada ya amplifaya ndipo lije gitaa lenyewe. Uzi wa Stratocaster una urefu wa milimita 648 kutoka kwenye daraja hadi juu ya shingo. Wa Les Paul ni mfupi, milimita 628 hivi, na hulegea kidogo ukifungwa kwenye noti ileile. Ulegevu huo huchangia unene wa sauti. Gitaa lililokwisha kuwa zito halihitaji pikapu ya kuliongezea uzito.

Bendi nayo ina neno. Katika muziki wa dansi, wa Kinshasa au wa Dar es Salaam, magitaa matatu hufanya kazi pamoja: solo, ridhimu na besi, na mara nyingi la nne la katikati. Uzuri wake uko katika kusikia kila gitaa likipita njia yake. Wapigaji wote wakifunga hambaka za nguvu, njia hizo zinagongana. Mpiga solo, hasa wimbo ukiingia sebene, anahitaji sauti safi inayong'ata na kuachia haraka; koili moja, au hambaka nyepesi inayoweza kuzimwa koili moja kwa swichi, itamtumikia vizuri kuliko kitu chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya roki nzito.

Roki nzito yenyewe ina chaguo lake. EMG 81, inayohusishwa sana na Metallica, ina waya mchache pamoja na kikuza sauti kidogo ndani yake, kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Haivumi, na besi yake haifuri hata mkwaruzo ukiwa mwingi kiasi gani. Ila betri huwaka pindi kebo inapochomekwa, na anayeiacha kebo kwenye gitaa usiku kucha atakuta betri imekwisha.

Kabla ya kununua chochote, bisibisi ya shilingi chache inaweza kuokoa pesa nyingi. Pikapu ikipandishwa karibu mno na nyuzi, sumaku huzivuta, na noti moja hutoka kama sauti mbili zinazogombana. Ikishushwa hadi milimita 2 hivi kutoka kwenye uzi uliobanwa freti ya mwisho, ugomvi huo mara nyingi hukoma. Stratocaster ya asili ina vitasa viwili vya toni, kimoja cha pikapu ya shingo na kimoja cha ya katikati; ile ya daraja, ambayo ndiyo kali kuliko zote, haina. Waya mmoja mfupi unaoiunganisha na toni umewaponya wengi waliokuwa tayari kununua pikapu mpya. Poti ya volyumu nayo ina mchango: omu 250,000 hulainisha ukali, na ndiyo desturi kwa koili moja, omu 500,000 huuacha upite, na ndiyo desturi kwa hambaka. Hata kebo ndefu hula sauti za juu, na pikapu hailaumiki kwa hilo.

Anayeamua kubadilisha apime kwanza. Nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu ni milimita 50 hivi kwenye magitaa mengi ya mtindo wa Gibson, na 53 kwenye madaraja mengi ya mtindo wa Fender; hambaka huuzwa kwa vipimo vyote viwili. Rangi za nyaya hazifanani kati ya kampuni na kampuni: kwenye hambaka za Seymour Duncan waya mweusi ndio unaopeleka sauti, kwenye za DiMarzio ni mwekundu. Fundi akizichanganya, pikapu mbili zikiwashwa pamoja zitafutana, na gitaa litatoa sauti nyembamba kama ya redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Ikitokea hivyo, pikapu ni nzima; zigeuzwe nyaya za mojawapo tu. Na ile ya zamani isitupwe. Ifungwe kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, kwa sababu gitaa la umri mkubwa lenye vipuri vyake vya asili huuzwa ghali kuliko lililobadilishwa. Kisha, kabla ya kukata waya wa kwanza, zipige picha nyaya zote kama zilivyo.