EDODO, ENYAS NA EDUNG: MAPISHI YA NYANYA ZETU

 

Katika jarida letu tumekwisha kusoma mengi kuhusu pilau, biriani na wali wa nazi. Ni vyakula vitamu, sikatai. Lakini msomaji aliye hapa Lodwar, jua likiwa nyuzi 35 na zaidi, akielezwa namna ya kukuna nazi atajiuliza: nazi ipi? Ndiyo sababu nimeshika kalamu nieleze mapishi ya kwetu, ambayo hayamo katika daftari lolote, bali nyanya humpa mama na mama humpa binti. Nayaeleza pia kwa ajili ya wenzetu waliotoka Kitale, Bungoma na kwingineko, ambao hudhani Mturkana hana mapishi. Eti sisi ni nyama choma na chai, basi! Na nina jambo jingine la kusema juu ya mapishi haya, nalo nitalifikia.

Kwanza elewa hali ya mahali penyewe. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, wakati Kitale hupata zaidi ya 1,000. Mvua hiyo kidogo huja kwa kishindo, majani huota kwa majuma machache, mbuzi na ngamia huzaa, maziwa hujaa. Msimu huo tunauita akiporo. Kisha huja akamu, kiangazi, nacho huweza kukaa miezi tisa au zaidi. Kwa hivyo mpishi wa Kiturkana ana swali moja kubwa: maziwa na nyama ya leo nitayafanyaje ili yaliwe miezi sita ijayo, nyumba ikiwa haina friji wala stima, tena inahamahama mgongoni mwa punda? Ukilishika swali hilo, mapishi yetu yote utayaelewa.

Edodo ni maziwa makavu. Nyanya yangu, ambaye anaishi nje kidogo ya Kakuma, huyatengeneza hivi. Maziwa yaliyokamwa humiminwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, ili kinukie moshi na wadudu wa kuozesha wafe. Yakishaganda, kibuyu husukwasukwa huku na huko mpaka siagi ijitenge. Siagi huondolewa ikayeyushwe iwe samli. Yale maziwa yaliyobaki hayamwagwi, la hasha. Huwekwa katika sufuria motoni na kuchemshwa taratibu, yakikorogwa bila kupumzika, mpaka yawe mazito na maji yake yajitenge. Uji huo mzito hutandazwa juu ya ngozi safi na kuanikwa juani. Mtoto mmoja hupewa fimbo akae hapo afukuze nzi, mbwa na mbuzi wenyewe. (Kazi hiyo niliifanya sana, naijua uchungu wake.) Baada ya siku mbili tatu za jua kali, yale maziwa hukauka yakawa vipande vinavyovunjika, vyenye rangi ya manjano kidogo, navyo hutiwa katika mfuko wa ngozi.

Mwalimu wetu wa Bayolojia atawaambia kwa nini edodo haiozi. Maziwa ya ng'ombe yana maji kiasi cha sehemu 87 kwa kila 100, na vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kuzaana bila maji. Ondoa maji, umeondoa uozo. Yale maziwa ya unga ya mkebe dukani yametengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ila wao wana kiwanda na nyanya ana jua la Turkana, ambalo halilipiwi bili.

Je, ladha yake? Hapo ndipo kalamu inanishinda. Ni chachu kidogo, ina chumvi kidogo, ina moshi. Ukiitafuna kavu inakwama kwenye meno. Ukiichanganya na samli na matunda makavu ya porini, hutaki mtu akuongeleshe. Kwetu mtoto akiwa na homa na anakataa chakula, huwekewa edodo katika maji ya moto ikarudi kuwa maziwa mazito. Mimi mpaka leo nikiugua mabwenini, dawa ninayoitamani ni hiyo, hata kabla ya panadoli.

Enyas ni nyama. Mnyama akichinjwa, au akifa kwa ukame kabla hajakonda kabisa, nyama haiwezi kuliwa yote siku moja. Hukatwa vipande virefu kama mikanda, huning'inizwa kivulini penye upepo au juani mpaka zikauke nje na ndani. Kisha hukatwa vidogovidogo na kukaangwa katika mafuta ya mnyama, moto ukiwa wa wastani, mpaka povu la maji liishe kabisa katika mafuta. Povu hilo ndilo saa ya mpishi. Likiendelea kutoka, maji bado yamo. Likinyamaza, nyama imeiva ya kuwekwa. Halafu nyama na mafuta yake humiminwa pamoja katika ebur, chombo chetu cha ngozi chenye kifuniko. Mafuta yakiganda hufunika nyama kama nta, hewa haiingii. Namna hiyo hukaa miezi. Ukitaka kula unachota kijiko, unafunika. Wenzetu Waborana wana nyirinyiri na Wasomali wana muqmad, nazo ni ndugu wa enyas kabisa. Watu wa ngamia hawahitaji kufundishana jambo hili, jua lenyewe limewafundisha wote.

Kuhusu damu nitasema kwa ufupi kwa sababu najua wengine mtafunga jarida. Ng'ombe, ngamia au mbuzi hafi. Shingo hufungwa kamba, mshipa huvimba, hupigwa mshale mfupi ambao umezuiwa usiingie ndani sana, damu hukingwa, kamba hulegezwa na jeraha hufungwa. Damu hukorogwa kwa kijiti mpaka nyuzinyuzi zake zijisokote hapo, ndipo isigande. Huchanganywa na maziwa au hupikwa. Ni chakula cha chuma na protini bila kumpoteza mnyama. Basi.

Na samaki wa Kalokol je? Hilo nawaachia watu wa ziwani waandike wenyewe, maana wakisoma ninavyopika samaki watanicheka.

Sasa tuje kwenye edung. Edung ni mti mdogo wa nyika usioacha majani hata kiangazi kikali. Matunda yake ni ya mviringo, nayo ni machungu mno. Ukiyala hivi hivi yatakudhuru tumbo. Akina mama huyachuma, huyamenya, kisha huyachemsha na kumwaga maji, huchemsha tena na kumwaga tena, mara nyingi, kutoka asubuhi hadi jioni. Jambo la kushangaza ni kwamba yanahitaji maji mengi na kuni nyingi wakati ambapo vyote viwili ni haba. Anayeonja ni mzee, si mtoto, kwa sababu mtoto mwenye njaa atasema yameiva hata kama hayajaiva. Mwishowe huwa kama maharagwe yasiyo na chumvi. Ukiwa na samli unatia. Kama huna, unakula hivyo hivyo na kunyamaza.

Jirani wa edung ni eng'ol, yaani mkoma, ule mnazi wa nyika unaouona kando ya mto Turkwel, ambao majani yake husukwa mikeka na vikapu vinavyouzwa mjini. Matunda yake ya kahawia ni magumu kama mawe. Watoto hutafuna ganda la nje lenye nyuzi na utamu kidogo, na wakati wa njaa akina mama hulitwanga likawa unga.

Nimeyapanga mapishi haya makusudi ili mlione lile jambo nililowaahidi. Edodo na enyas ni mapishi ya shibe, kwa sababu huwezi kukausha maziwa ambayo watoto wameyamaliza. Edung na eng'ol ni mapishi ya njaa. Watu wengi wanapolalamika kwamba mila zinapotea, husema vijana wa siku hizi hatutaki kujifunza. Mimi sikubaliani nao. Dada yangu mdogo, aliyezaliwa mwaka 2019, anajua kuchemsha edung na kumwaga maji, amemwona nyanya akifanya hivyo mara nyingi. Lakini edodo hajaionja hata siku moja. Si kwamba hataki. Hakuna cha kukausha.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Nchini Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2, na kaunti yetu ya Turkana ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Nyanya alikuwa na mbuzi zaidi ya sitini. Walibaki watano. Mwaka ule tulikula edung mpaka nikachukia hata kivuli cha mti wake. Na haikuwa mara ya kwanza. Wazee bado wanausimulia ukame wa 1979 hadi 1981, wanaouita Lopiar kwa sababu ulifagia kila kitu. Watu wengi waliopoteza mifugo wakati huo walikwenda kwenye kambi za chakula cha msaada, na mahindi yakaingia nyumbani kama mgeni, hadi leo hajaondoka.

Mama yangu hapa Lodwar amefanya hesabu ya kununua maziwa ili atengeneze edodo. Sikiliza hesabu hiyo. Lita 20 za maziwa, ukiondoa maji, hazifiki kilo 3 za chakula kikavu, na ukiondoa samli zinapungua tena. Maziwa ya pakiti yanauzwa zaidi ya shilingi 100 kwa lita. Kwa hivyo unatumia zaidi ya shilingi 2,000, na kuni, na siku tatu za kufukuza nzi, upate kitu ambacho familia yetu itamaliza kwa juma moja. Mkebe wa maziwa ya unga ni nafuu. Enyas imepona zaidi, kwa sababu nyama yapatikana sokoni hata nusu kilo na mafuta ya kupikia yapo dukani. Akina mama mjini bado wanaikaanga, ingawa nyanya anasema mafuta ya chupa hayagandi, na kitu kisichoganda hakifuniki nyama. Ana haki. Enyas ya mjini huliwa kwa siku chache, si kwa miezi.

Huko Kakuma nimeona jambo hilihili upande wa pili. Kambi ilianza mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wahabeshi, Wasomali na wengine, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa kando yake. Mama zetu wa Kiturkana hupeleka kuni na makaa huko na kurudi na mahindi, mtama, maharagwe au mafuta. Ndiyo njia ambayo nyanya alianza kunyunyiza edodo juu ya uji wa mahindi ya msaada, na nawaambieni ukweli, uji huo ulikuwa mtamu kuliko vyote viwili vikiwa mbalimbali.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja wa Kidinka alinieleza juu ya walwal, chakula cha kwao: unga wa mtama hufinyangwa kwa vidole na maji kidogo kidogo uwe punje punje, hupikwa kwa mvuke au kuchemshwa, halafu humiminiwa maziwa. Mama yake bado anapika. Unga hupata, wa mgao. Maziwa hakuna, kwa hivyo hutia maji na sukari, sukari ikiwepo. Nikamwuliza, "Sasa hiyo bado ni walwal?" Akacheka akasema, "Mama akiwa na sisi wote anaiita walwal. Akiwa na wamama wenzake anasema anapika unga." Na mgao wenyewe ulipunguzwa sana mwaka 2025, hata unga ukawa wa kuhesabu. Kumbe yeye na mimi tuna shida moja. Mama yake alipoteza ng'ombe kwa vita, nyanya yangu alipoteza mbuzi kwa ukame, na wote wawili wana mapishi kamili kichwani.

Kwa hivyo, mwenzangu, ukitaka kuandika mapishi ya kwenu kwa ajili ya jarida hili mwakani, usiandike viungo na hatua tu. Uliza pia: ilihitaji mifugo wangapi? Nilimwuliza nyanya swali hilo likizo ya Agosti. Hakujibu kwa lita wala kilo. Alisema mbuzi wa kwetu, mtoto wake akishanyonya, kwa kawaida hatoi hata nusu lita kwa siku, na kwamba nyumba yenye watoto wanne haianzi kukausha edodo mpaka mbuzi wenye maziwa wafike arobaini hivi na mvua iwe imenyesha mara mbili nzuri.

Tulipohesabu siku hiyo, mbuzi wake wote, madume na ndama wa mbuzi wakiwemo, walikuwa kumi na wanane. Mvua za mwishoni mwa 2023 na za 2024 ziliwasaidia kuzaa, ndipo wakafika hapo. Ile ngozi ya kuanikia bado ipo. Ameipaka mafuta isikauke ikapasuka, na kwa sasa dada yangu anaitumia kulalia.