Kufukia shimo la mafuta si kurejesha ardhi

Watu wengi wakisikia habari za mafuta hufikiria kisima na bomba. Kaskazini mwa mkoa wa Alberta nchini Kanada, karibu na mji wa Fort McMurray, mafuta huchimbuliwa kama kokoto. Lami nzito imeshikana na mchanga, na ili kupata pipa moja ni lazima zichimbwe takriban tani mbili za mchanga huo.

Kabla ya kuufikia, msitu hukatwa na kinamasi hukaushwa. Sheria huzitaka kampuni kurekebisha ardhi zikimaliza. Hata hivyo, hazidai irudi ilivyokuwa, bali iwe na uwezo unaolingana na ule wa awali. Hapo ndipo penye mzozo.

Kazi yenyewe haina siri. Udongo wa juu huwekwa kando tangu mwanzo. Shimo hujazwa, miteremko hulainishwa ili mvua isiiporomoshe, kisha mboji iliyochanganywa na udongo hutandazwa juu. Shayiri au nyasi hutangulia kuushika udongo, na baadaye hupandwa misonobari na vichaka vya asili. Magogo huachwa yaoze kwa makusudi, kwani hutunza unyevu na kuwapa wadudu makao.

Mnamo Machi 2008, serikali ya Alberta ilitoa cheti cha kwanza cha ardhi iliyorekebishwa. Kampuni ya Syncrude ndiyo iliyokipata, kwa hekta 104 za mahali paitwapo Gateway Hill. Miti imestawi huko, lakini palikuwa kinamasi, na sasa ni kilima kikavu.

Kinamasi hakipandwi kama mti. Mboji yake huongezeka kwa kadiri ya milimita moja tu kwa mwaka, hivyo tabaka la mita mbili ni kazi ya miaka ipatayo 2,000. Wanasayansi wamejaribu kuunda vinamasi vidogo, kikiwamo cha Nikanotee kilichokamilika 2013 katika mgodi wa Suncor. Mimea imeota, ila mboji itahitaji vizazi vingi.

Kigumu zaidi ni mabwawa ya taka. Maji yaliyotumiwa kutenganisha lami na mchanga hubaki na chembe za mfinyanzi laini mno, ambazo huelea kwa miongo bila kutuama. Aprili 2008, bata wapatao 1,600 walikufa baada ya kutua katika bwawa la Syncrude. Suncor ilipofunika bwawa lake la kwanza mwaka 2010, ilisifiwa sana. Lakini sehemu kubwa ya matope hayo ilikuwa imehamishiwa bwawa jingine. Ndiyo kusema taka ilibadilisha makazi tu.

Zaidi ya kilomita mraba 900 zimevurugwa, na zilizopata cheti hazifiki asilimia moja. Isitoshe, mpango wa dhamana ulioanzishwa 2011 uliziruhusu kampuni kuahirisha sehemu kubwa ya malipo hadi mafuta yanapokaribia kwisha. Mkaguzi Mkuu wa Alberta alionya mwaka 2015 kwamba kampuni zikishindwa kulipa wakati huo, huenda gharama ikamwangukia mlipa kodi.