Wapokeaji Wageni na Mlango wa Serikali



Kijana mmoja aliyesoma kwangu hapa Mitole, na ambaye sasa ni nahodha wa mashua ya kuvushia watu baina ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri pamoja na wenzake wawili. Walitaka niwaandikie barua ya kupeleka afisi moja. Malalamiko yao yalikuwa haya: wageni wengi wajao kutazama magofu huja wakiwa wamekwisha kupangiwa kila kitu tangu mbali, chombo cha kuwavusha na mtu wa kuwaongoza, hushuka, hutazama, huondoka, na vijana wa pwani hii hubaki na mashua tupu.

Nikaandika kurasa tatu. Nilieleza huzuni yao kwa maneno mazito, nikataja utukufu wa Kilwa ya kale, nikamalizia kwa dua. Barua ikaenda, wala jawabu halikurudi.

Baada ya miezi kupita, kijana yule aliniuliza: “Maalim, mbona wenye makampuni wa Arusha wakisema husikilizwa, na sisi tukisema ni kama tumesemea baharini? Au ni fedha tu?” Sikuwa na la kumjibu. Basi nikaanza kuulizia na kusoma, na niliyoyapata nawaletea hapa, kwani yanafaa kila mtu mwenye haja kwa Serikali, hata kama hajapata kupanda mashua.

CHAMA NA KAZI YAKE

Wenye makampuni ya kutembeza wageni katika nchi yetu wana chama chao kiitwacho TATO, kilichoanzishwa mwaka 1983, na makao yake yako Arusha. Wenye hoteli nao wana chama chao, na viko vyama vya kazi nyingine za utalii. Na juu ya vyama hivyo liko shirikisho la kuviunganisha. Kila mwanachama hutoa ada, na kwa ada hizo chama huajiri watu ambao kazi yao ni kufuata sheria zinazotungwa na kodi zinazokusudiwa, na kupeleka maneno ya wanachama kunakohusika.

Watu hao hawangoji mpaka jambo limekwisha kupitishwa ndipo walie. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti husomwa Bungeni mwezi wa Juni. Lakini Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla ya hapo, na chama chenye kujua kazi yake hupeleka yake wakati huo, wino ungali mbichi. Bajeti ikisha kusomwa, uko mlango wa pili: Kamati ya Bunge ya Bajeti huita wenye kuhusika, ikasikiliza hoja zao juu ya muswada wa fedha kabla wabunge hawajaupitisha. Mlango wa tatu ni Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa mwaka 2001, ambamo Rais mwenyewe ndiye mwenyekiti, na wafanya biashara hukaa na viongozi wa Serikali uso kwa uso.

KHABARI YA MWAKA 2016

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mwenye kujua milango hupata kila atakacho. Mpaka mwaka 2016 huduma nyingi za utalii, kama kuongoza wageni na kuwachukua mbugani, zilikuwa zimesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mwezi wa Juni mwaka ule, Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alileta pendekezo la kuondoa msamaha huo. Kodi ilikuwa asilimia 18. Maana yake, huduma ya dola 1,000 ingeongezewa dola 180.

Vyama vya utalii vikainuka. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba kodi ni dhuluma, bali ilihusu wakati. Walisema kuwa mgeni wa Ulaya au Marekani hupatana bei ya safari yake miezi mingi kabla ya kuja, pengine mwaka mzima. Na bei ikisha kupatanwa, nani atakayemwendea kumwambia ongeza? Itambidi mwenye kampuni alipe kutoka mfukoni mwake. Basi wakaomba muda. Wakataja na jirani: mwaka ule ule Kenya ilikuwa ikiondoa kodi hiyo katika viingilio vya mbuga zake, na mgeni atakaye kuona simba ana khiari ya nchi ya kumwonea.

Serikali haikukubali. Ilishikilia kwamba utalii nao uchangie pato la nchi kama zinavyochangia kazi nyingine, na tarehe 1 Julai 2016 kodi ikaanza. Wengine walitabiri kuwa wageni watapungua. Lakini hesabu ya Serikali ilipotoka, wageni waliokuwa 1,137,182 mwaka 2015 walifika 1,284,279 mwaka 2016. Hesabu hii haionyeshi kuwa makampuni hayakuumia, kwani wingi wa wageni si wingi wa faida. Lakini yatufunza kwamba mwenye kupeleka haja yake na apime utabiri wake; maana akitabiri msiba na msiba usionekane, siku nyingine atakapokuwa na haki neno lake litakuwa jepesi.

Ombi jingine lilikwenda polepole na likazaa. Kwa miaka mingi wafanya biashara, wa utalii na wengineo, walilalamika kuwa leseni na tozo zimekuwa nyingi mno, na kila mamlaka yadai yake. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kurekebisha usimamizi wa biashara, na katika bajeti ya mwaka 2019 tozo kadhaa zikafutwa. Hilo halikupatikana kwa barua moja.

HAKI NA MIPAKA YAKE

Dini yetu imetuhimiza mashauriano, wala si aibu raia kumwendea mtawala kwa hoja. Lakini hoja ni kitu kimoja na bahasha ni kitu kingine. Mwenye kuweka hesabu juu ya meza ashauri. Mwenye kuweka kitu chini ya meza ahonga, na hilo ni haramu hata kama haja yake ni ya haki.

Juu ya hayo, chama husemea wanachama wake, hakisemei watu wote. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wameunda vyama vyao wenyewe, kwani waliona kuwa maslaha ya mwenye kampuni na ya mbeba mzigo hayawi mamoja kila mara. Kwa hivyo Serikali ikimsikiliza aliyefika mlangoni peke yake, aliye mbali hudhulumika, ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Lawama ya hayo si ya Serikali tu. Ni yetu pia sisi tunaokaa barazani tukinung’unika, kisha tukatawanyika.

JAWABU LANGU KWA KIJANA

Nilimwita yule kijana nikamwambia: “Mwanangu, fedha zina nguvu, sikatai. Lakini barua ile ilikuwa na kosa, na mkosa ni mimi. Niliandika huzuni, sikuandika hesabu. Sikutaja mnachotaka ni kitu gani hasa, wala sikuuliza ni afisi ipi yenye uwezo wa kukitoa. Tena niliwaandikia watu watatu, wala hatukujua manahodha wote wa Masoko ni wangapi.”

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na kwa matengenezo na ulinzi yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mawe hayo yalipata wa kuyasemea. Je, wana wa waliojenga hawatapata?

Nikampa daftari jipya la madrasa. Humo yeye na wenzake wataandika kila siku mgeni aliyefika, aliyemvusha, na alicholipa, bila ya kuongeza wala kupunguza. Wakisha kuwa na hesabu ya mwaka na chama chenye majina, tutaandika barua ya ukurasa mmoja, yenye ombi moja, nayo itakwenda kabla ya bajeti.

Wabillahi taufiki.