Je, Wajua? Bandari ya Herufi Sita

Je, wajua kwamba Agosti 17, 1942, wapenzi wa chemshabongo ya gazeti la Daily Telegraph la London walitakiwa kutaja bandari ya Ufaransa yenye herufi sita? Jibu lilichapishwa kesho yake: Dieppe. Alfajiri ya tarehe 19 wanajeshi wa Kanada wapatao 5,000, pamoja na makomando wa Uingereza, walishuka hapo hapo Dieppe na kumiminiwa risasi na Wajerumani. Vifaru vilivyofika nchi kavu vilihangaika kwenye kokoto za ufukweni. Mawe yaliingia kwenye minyororo yake hadi mingine ikakatika. Kufikia alasiri mambo yalikuwa yamekwisha: Wakanada 907 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 1,900 wakatekwa.

Baadaye wakubwa walishtukia lile fumbo. Lord Tweedsmuir, ofisa wa upelelezi katika jeshi la Kanada, alikabidhiwa uchunguzi, nayo idara ya MI5 ikahusishwa. Wakaona ni sadfa tupu. Nami nakubali, maana anayejaza visanduku kila siku atagonga jina la bandari siku moja. Ila kulikuwa na swali zito kuliko hilo. Shambulio la Dieppe lilipangwa kwanza lifanyike Julai, likafutwa, askari wakarudishwa kambini wakiwa wanajua walikuwa wanapelekwa wapi. Nani aliamua lifufuliwe, tena kwenye bandari ile ile?

Je, wajua kwamba mtunzi wa mafumbo hayo, Leonard Dawe, alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na ujanani aliwahi kuichezea Southampton? Mei 1944 aliwatia wakubwa tumbo joto upya. Katika mafumbo yake yakatokea maneno Utah, Omaha, Overlord na Mulberry, kisha Juni 1 likaja Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya uvamizi wa Normandy, uliofanyika Juni 6. Safari hii MI5 ilimfuata na kumhoji, ikamwachia. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alidai kwamba mwalimu aliwapa watoto visanduku vitupu wavijaze, naye akatia maneno aliyoyaokota kwa askari wa kambi ya jirani. Hadithi tamu, lakini sijui askari wa kawaida angeyatoa wapi majina ya siri ya fukwe kama Utah na Omaha.

Gazeti hilo hilo, Januari 1942, liliwaalika wasomaji ofisini kwake wamalize fumbo ndani ya dakika 12. Baadhi ya waliong'ara waliandikiwa barua na serikali, wakajikuta katika kituo cha siri cha Bletchley Park wakivunja misimbo ya Wajerumani. Mwezi uliofuata nyambizi za Ujerumani huko Atlantiki zikaanza kutumia Enigma, mashine ya kusimba ujumbe, yenye magurudumu manne badala ya matatu, na Bletchley ikawa gizani hadi Desemba.

Je, hayo yanahusianaje na Dieppe? Kwa miaka mingi maelezo rasmi yalikuwa kwamba shambulio lilikuwa jaribio, na kwamba mafunzo yake yaliokoa maisha Normandy. Mwaka 1989 mwanahistoria Brian Loring Villa aliyatilia shaka: alidai kwamba Lord Mountbatten, aliyesimamia operesheni, alilifufua bila idhini kamili ya wakuu wa majeshi. Mwaka 2013 David O'Keefe, baada ya kupekua nyaraka za siri zilizofunguliwa, akaandika kwamba lengo kuu lilikuwa kuiba vifaa na vitabu vya Enigma kutoka makao ya jeshi la maji la Ujerumani bandarini. Ian Fleming, ambaye baadaye angemtunga James Bond, alikuwa melini karibu na pwani siku hiyo, akingoja makomando waliopewa kazi hiyo. Hawakufika.

Wanahistoria wengine wanasema wizi huo ulikuwa lengo mojawapo tu, si sababu ya shambulio zima, na mabishano hayo bado yanaendelea.