Tusingoje mkutano mkuu: kazi juma kwa juma

Wandugu wa koperative, mnyauko wa migomba (kirabiranya) ulionekana Masisi mwaka wa 2001. Zamani tuliambiwa kung'oa shina zima pamoja na watoto wake. Kazi ilikuwa nzito, wengi wakaiacha. Leo shauri ni kukata tu mgomba mgonjwa, chini kabisa, mara dalili inapoonekana. Lakini ukipita shambani mara moja kwa msimu, ugonjwa umekwisha kukutangulia. Basi, mpango wa mwaka wa komite peke yake hautoshi. Fanyeni hivi:

1. Mjigawe watu watano watano, wenye mashamba jirani.
2. Kila juma mpitie mashamba yote pamoja. Pitisheni panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga.
3. Kisha mketi nusu saa: tumefanya nini? Nini imetushinda? Juma lijalo nani afanye nini?
4. Kikundi kiamue palepale, halafu kipashe komite habari.

Ni njia ya shamba-shule, iliyoanza Indonesia mwaka wa 1989 kwa wakulima wa mpunga. Mkubwa wa kikundi asikasirike mwanamemba kijana akisema, "Hapa tubadilishe." Huyo ndiye anaokoa mikungu yetu, na minerval ya watoto.